Mvua Iliyokwisha Kunyesha

Delphine alipiga simu Jumanne, kutoka Saint George.
"Imenyesha," akasema, "mbuzi wamepanda juu ya trela,
barabara haipo."
Nikachungulia nje. Vumbi jekundu,
na mbwa wa jirani amelalia kivuli cha tangi tupu.

Tangu siku ile ninasubiri
mvua iliyokwisha kunyesha.

Ndivyo nchi hii ilivyoumbwa: bapa.
Kwa kila kilomita mto wetu huteremka
kimo kisichotimia kidole.
Haukimbii. Nani aliufunza kukimbia?
Huu ni mto wa kulalia,
na kila ukichoka hujikunja,
ukaacha nyuma kipande cha tope chenye umbo la sikio.

Mama mkubwa Noreen hakuwa na ramani, alikuwa na mkono.
Alikunjua kiganja mezani, kwenye chumvi iliyomwagika:
Huyu Condamine. Huyu Balonne. Huyu Culgoa.
Gumba ni Warrego, mvivu, haji mpaka aitwe mara mbili.
"Na sisi, Mama?"
Akagusa kifundo cha mkono, pale mshipa unapopiga.
"Hapa. Wakinywa vidoleni,
huku mapigo hupungua."

Wiki ya tatu, hakuna.
Wiki ya nne wakasema Brewarrina imeyaona,
mitego ya mawe ya mababu imezama yote,
samaki wanapita juu ya kuta bila kubisha.
Wiki ya tano, Bourke:
pampu za mashamba ya pamba zikakohoa, zikaamka,
zikanywa usiku na mchana.
Haba na haba hujaza kibaba.
Sawa. Kibaba cha nani?

Mwari watatu walitangulia.
Kisha, alfajiri moja ya wiki ya tisa,
Tyrell wa dada yangu akaja mbio bila viatu:
"Yanatembea, Shangazi! Yanatembea!"

Kweli yalitembea. Ulimi wa rangi ya chai ya maziwa
ukilamba mchanga, ukisita,
ukisukuma povu, majani ya mikaratusi, ndala moja ya bluu,
buibui wakihama mbele yake na watoto mgongoni.
Kijana akaenda nayo kinyumenyume, uso kwa uso,
na mara mbili ilimbidi asimame ayangoje.

Nikampigia Delphine.
"Yamefika."
"Yapi?"
Kwao, akasema, ardhi imeshapasuka tena,
mbuzi wanatafuna magunia.
Akanyamaza kidogo. "Yamebaki kiasi gani?"
Nikasoma rula kwenye nguzo ya daraja.
Nikaisoma tena.
"Yanafika gotini," nikasema. Sikumwambia goti la nani.

Halafu nikatafuta namba ya Lorna, kule Menindee,
kwenye maziwa, alikozika samaki kwa koleo mwaka ule.
"Lorna, yanakuja."
Nikasikia upepo ukipiga bati la baraza lake.
"Huku vumbi," akasema.
"Najua," nikasema.
"Toa ndoo."