Hatua Nane

Jumatatu, kabla jalidi haijayeyuka kwenye waya,
Petruț analeta maboga, toroli likilia kama mlango mbovu.
Arobaini na moja. Mengine yamepigwa na mvua ya mawe,
mengine sokoni yalikosa mnunuzi kwa kupinda shingo.
Hapa hakuna boga baya.

Tunayatoboa kwa kisu cha buchani,
tunayajaza jozi, plamu kavu, kichwa cha samaki,
asali kidogo (kidogo, anasema daktari, meno yake yameisha),
kisha tunayaficha: chini ya gogo, juu ya mwamba,
moja ndani ya kidimbwi, lielee, limchokoze.
Mbwamwitu wamepewa gunia lililolaliwa na kondoo.
Wamelizunguka asubuhi nzima
kama wachuuzi wanaopima ng'ombe wa mnada.

Bruma hali.
Bruma anatembea.
Hatua nane kwenda, kichwa kugeuka, hatua nane kurudi,
kwenye nyasi zisizo na ukuta.
Ukuta anaujenga kwa miguu.
Wageni huuliza: dubu huyu anatafuta nini?
Mazoea yana taabu, ningewajibu,
lakini nasema tu: mpeni muda.

Siwaambii kwamba kile kizimba nakijua.
Kilikuwa nyuma ya mkahawa, barabara ya Valea Rece,
kati ya choo na maegesho ya malori,
nami nilikuwa na miaka kumi na tisa, aproni nyeupe,
na sinia.
Meza ya sita ikiagiza bia ya dubu, nilipeleka bia ya dubu.
Aliishika chupa kwa mikono miwili,
watu wakacheka, wakaacha bakshishi nono.
Kwa bakshishi hizo nilinunua viatu vyangu vya kwanza visivyovuja.
Vilikuwa vya kahawia. Vilidumu sana.

Hakuna baridi aliyoilala kule:
mkahawa haukufungwa, taa haikuzimwa,
na dubu asiyelala
hajui kwamba mwaka umekwisha.

Alhamisi watoto wa Mwalimu Zamfira wameleta majani,
magunia kwa magunia, ya mwaloni, ya mcheri,
waliyoyazoa makaburini na uwanja wa mpira.
Tumeyamwaga, rundo refu kuliko mimi.
Kikaanguka kijiko. Kikaanguka kitambulisho cha mtu.
Kofia moja ya sufu ikaonekana, ikapotea tena.
Tukanyunyiza mdalasini juu, tukaondoka.

Bruma akapita kando yake. Hatua nane.
Akapita tena.

Ijumaa, hatua saba.
Nimehesabu vibaya, nikajiambia.
Nikahesabu upya.

Jumapili alfajiri rundo limeliwa upande mmoja,
na mburuzo wa majani unakwenda
hadi kwenye pango tulilomchimbia miaka mitatu iliyopita,
ambalo hajawahi hata kulitazama.
Alikuwa anatembea kinyumenyume, makalio yakitangulia,
anavuta majani kwa kucha,
hovyo, nusu yakimponyoka,
kama mtu anayejaribu kukumbuka sala
aliyosomewa kabla hajajua kusema.

Mlangoni, boga. Limeumwa mara moja tu.

Sikumwita Petruț.
Nilipindua toroli, nikakaa juu yake,
miguu imelowa,
nikahesabu mizigo: nne, tano.
Wa sita ulikuwa na ile kofia.