Kitako cha Piza

Kwa Chihoma hakuna kibao cha taa.
Kuna bati, na juu ya bati neno PIZA,
Z yake imegeuka kinyume, inatazama stesheni
kama abiria aliyeshushwa usiku
na hajui mjini ni upande gani.
Sechelela aliwahi kuletewa mchoraji wa kuinyoosha, bure.
Akamnywesha chai, akamrudisha na brashi zake kavu.
"Aliichora baba. Na hakuna aliyepotea njia
kwa sababu ya Z."

Tanuri ni la udongo wa kichuguu.
Mzee alilikandika mwenyewe
alipotoka jikoni kwa mapadri wa Kiitaliano
na mikono iliyoujua unga
kabla haijajua kuweka sahihi.
Binti naye hana kipimajoto.
Hurusha unga kidogo ndani, akachungulia:
ukiungua papo hapo, "Bado lina hasira";
ukibadilika rangi polepole, kama mtu anayekumbuka jambo,
"Haya, lete."

Menyu? Utaambiwa kilichopo.
Leo kuna nyanya za Hombolo na jibini ya masista.
Juzi jibini haikufika, tukala bila,
tukapunguziwa mia tano.
Na kuna mwaka Mbijima, mdogo wake, alijaribu piza ya mlenda.
Hatuizungumzii.
Paka wa jirani mpaka leo akimwona anavuka barabara.

Pale hungoji mikono mitupu.
Utapewa kitunguu umenye, mtoto umshike,
au hesabu za Nyemo wa darasa la nne
anayesomea juu ya gunia la ngano.
Mimi kugawanya nilijifunzia hapo:
vipande vinane, watu watano,
kila mtu kimoja, vinabaki vitatu,
na hivyo vitatu ndivyo tulivyopigania
hadi mama akavila.

Siku hizi kuna piza za kuletwa na pikipiki.
Nimeziagiza, sikatai.
Duara lake halina kosa, boksi lina maneno ya dhahabu.
Nilikula nimesimama, jicho kwenye simu,
nikashtuka nashika boksi tupu.

Ya Sechelela haijawahi kuwa duara.
Wiki jana ilifanana na sikio,
wiki hii na bwawa lililokauka nusu.
Upande unaokaa nyuma ya tanuri lazima uungue,
na huo ndio baba yangu aliokuwa akiuomba kwa jina:
"Mimi nipe kitako."
Alitoka karakana ya reli na grisi kwenye kucha,
akakivunja kama kuni, kwa sauti,
watu wa meza ya pili wakageuka.

Jumamosi nilikwenda na pesa mkononi.
Nilikuwa nimesikia kwamba daftari bado lipo.
Lipo. Ukifungua, kurasa zinamwaga unga.
Mwandiko wa mzee, penseli, herufi za kuegemeana:
*Lungwa wa reli. Piza 2, soda 1. Mwisho wa mwezi.*
Mwezi gani, hakuandika.
Nikapiga hesabu, nikaongeza miaka,
nikaongeza na aibu, nikaweka noti mezani.

Sechelela akazikung'uta unga, akanirudishia.
"Hili si deni lako.
Baba yako alikopa kwa baba yangu.
Waache wamalizane huko huko waliko.
Wewe lipa ya leo."

Nikalipa ya leo.
Upepo wa Agosti ukausukuma mlango na vumbi lake;
mlango ule haufungi, haujawahi kufunga,
Nyemo akauwekea jiwe bila kuinua macho kwenye daftari lake.
Nikakaa kwenye benchi lenye mguu mfupi.
Akaniuliza nataka upande upi,
na kabla sijafungua mdomo
alikwishaigeuza sahani.