Kalibu ya Arobaini na Saba

Kila chupa ina kitovu.
Mnywaji wa kahawa hakioni, hana haja nacho.
Sisi wa zamu ya usiku ndio tunaokijua:
namba ndogo iliyovimba chini ya kioo,
alama ya kalibu iliyoizaa.
Yangu ni arobaini na saba.

Miaka kumi na moja nimesimama pale,
huku Paraná, ambako asubuhi ya Julai ina meno,
nikitazama chupa zikitoka nyekundu kama kaa
na kupoa hadi zikakosa rangi.
Nikiona povu, natupa.
Nikiona ufa, natupa.
Nalipwa kwa kutupa kisichokamilika.

Kisha Jandira akazaliwa wiki ya ishirini na tisa,
gramu mia tisa na themanini,
hafikii mfuko mmoja wa sukari.
Wakamlaza ndani ya sanduku la kioo
(si la kwetu; nililikagua, mazoea yana taabu)
na Rosilda, presha imempanda,
akikamua, akikamua,
tone likija kama mgeni asiyetaka kuingia.

Muuguzi Cleonice akasema, ipo benki ya maziwa.
Nikacheka vibaya.
Benki nazijua mimi. Hazijawahi kunipa tone.

Sheria inampa baba siku tano.
Siku ya sita nilirudi tanuruni.
Bwana Valdecir wa utumishi alinipa pole
na kalamu ya kusaini.

Ilikuwa Agosti, mwezi wa kampuni kutoa.
Chupa elfu kumi kwa benki ya maziwa,
mdomo mpana, kifuniko cha plastiki, zimefungwa utepe wa dhahabu.
Mkurugenzi alishika moja kama anashika mtoto
wa mtu mwingine.
Tulipiga makofi tulipoambiwa tupige.
Kutoa ni moyo, wahenga walisema;
kuhusu mpiga picha hawakusema kitu.

Usiku wa Alhamisi, baada ya zimamoto kupita
nyumba kwa nyumba wakikusanya,
Cleonice alileta chupa, akaipasha moto kwenye maji.
Lebo: tarehe, namba ya mama, jina hakuna.
Akavuta mililita mbili kwa sindano isiyo na ncha,
akainua chupa kwenye taa aone kilichobaki,
nami nikaona kitovu.

Arobaini na saba.

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti.

Ilipita mbele yangu, basi, usiku gani sijui,
pengine nikiwaza nauli, au penalti ya Jumapili,
na jicho langu likaiachia.
Ikaenda jikoni kwa mwanamke nisiyemjua,
mtoto wake ameshiba, kifua bado kimejaa,
akakaa saa kumi alfajiri akaijaza
kwa ajili ya yeyote.
Yeyote huyo alikuwa wangu.
Akafungua kinywa kidogo kama tundu la kifungo
na kumeza.

Sasa ana kilo mbili na gramu mia moja, na hasira za bibi yake.

Nimemwandikia mkurugenzi. Barua, kwa mkono.
Nimemshukuru kwa chupa, na shukrani ile ni ya kweli,
nimeirudia mara mbili asije akadhani ni utangulizi.
Halafu nimemwomba, Agosti ijayo,
aongeze zawadi ya siku ishirini kwa kila baba wa tanuruni.
Siku hazivunjiki njiani, nimemwambia.
Hazihitaji utepe.

Hajajibu.
Bwana Valdecir ananisalimia kwa tahadhari.

Usiku, chupa zinapopita,
huiokota moja moja yenye namba yangu,
ikiwa bado na joto la kuweza kushikika,
napapasa kitovu kwa kidole gumba,
nairudisha kwenye mstari.
Msimamizi anauliza natafuta kasoro gani.
Namwambia, hii haina.