Neno la Kufuta

Tumepewa dakika tatu kila mmoja.
Ukumbini feni moja inazunguka,
nyingine ilistaafu kabla yangu.
Naitwa Malendeja, karani,
miaka thelathini na moja Mahakama ya Mwanzo,
na kidole hiki mnachokiona kimepinda
kilipindia kwenye mashine ya chapa.

Mmesema Kanuni ya Adhabu imezeeka.
Kweli. Nimeishika, jalada lake
limekauka kama kambale wa moshi.
Mna humo faini za shilingi
ambazo leo hazinunui kibiriti.
Ilikuja kwa meli, sandukuni mwa mtu
aliyeogopa wenyeji wakitembea usiku.
Meli ilirudi kwao.
Sanduku likabaki, tukalifungua kila Jumatatu.

Niseme neno moja tu, waheshimiwa.
Mzururaji.

Nyanzobe binti Lukelesha, mchuuzi, Kirumba Mwaloni.
Saa tisa usiku, siku za giza,
maana dagaa hawapatani na mbalamwezi,
taa ndizo zinazowaita,
na mtumbwi ukigusa mchanga
anayewahi ndiye anayejaza ndoo.
Askari wakamuuliza: unatafuta nini usiku huu?
Akasema: asubuhi.
Wakaandika: hana kazi ya kueleweka.

Nikachapa mimi, nakala tatu, kaboni mpya.
Kielelezo A: ndoo moja, tupu.
Hakimu alisoma Kiingereza cha kitabu,
akakitoa kwa Kiswahili,
mimi nikakitoa kwa Kisukuma,
na kila tulipovuka kutoka lugha hadi lugha
kuna kitu kilidondoka majini.

Nyanzobe akanigeukia:
“Kuzurura ndiyo kufanya nini?”
Kulikuwa na foleni, waheshimiwa. Kesi kumi na nane,
na hakimu alikuwa na msiba Misungwi.
Nikamwambia: kutembea.

Akatazama miguu yake.
“Basi ni kweli,” akasema. “Nilitembea.”

Nikachapa: mshtakiwa amekiri kosa.

Faini, au mwezi mmoja Butimba.
Faini hakuwa nayo; fedha yake
ilikuwa kwenye dagaa wasionunuliwa.
Jioni ile mke wangu alipika dagaa wa mtu mwingine.
Niliwatoa vichwa mmoja mmoja,
sijui kwa nini, sikuwahi kuwatoa vichwa.

Sasa huyu mwanasheria kijana, mwenye kompyuta magotini,
anasema kifungu kitaboreshwa.
Badala ya mzururaji patasomeka
“mtu asiye na shughuli maalumu mahali hapo kwa wakati huo.”
Mwanangu, umeandika vizuri, nukta zimekaa.
Ila nyoka amejivua gamba,
sumu hajaivua.

Futeni. Msilitafutie neno jingine.
Mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta maneno mengine,
nawajua wanaokaa ndani yake.
Na mkishafuta, acheni pale mstari mtupu,
upana wa ndoo hivi,
anayesoma ajikwae, aulize
hapa palikuwa na nini.

Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu.
Dakika tatu.
Nikachungulia alichoandika karani wa Tume,
mazoea mabaya ya kazi:
“Mzee anapendekeza marekebisho madogo.”

Sikurudi moja kwa moja nyumbani Mabatini.
Nilikula mihogo, nikakaa,
kisha nikashuka kwa miguu kuelekea ziwani.
Hapakuwa na mwezi.
Kule mbali taa za wavuvi zilikuwa zimetapakaa
kama mji mwingine ambao hauna mahakama,
na ufukweni kina mama na ndoo zao,
wengine wamelala juu ya maturubai,
mmoja anamnyonyesha mtoto huku akihesabu noti.
Nikawahesabu nami, kwa kidole hiki hiki.
Arobaini na tatu. Nikasahau kujihesabu.

Mgambo akaniwashia tochi usoni.
“Mzee, unaelekea wapi usiku huu?”

Nilikuwa na majibu mfuko mzima:
kitambulisho, barua ya mwaliko wa Tume,
kadi ya pensheni yenye picha.
Maji yalikuwa yanalamba mawe, taratibu.

“Natembea,” nikasema,
nikanyamaza, nisubiri naye atafsiri.