Vikombe vya Olev

Kabatini mwetu, Tallinn, vikombe sita,
kila kimoja na nembo ya kampuni iliyokufa
au iliyouzwa; kwake ni mamoja.
Hiki cha kijani kilipima usingizi wa vichanga.
Hiki kilikodisha baiskeli, theluji ikazizika hadi Aprili.
Cha buluu ndicho kilichotununulia nyumba,
na siku hati zilipotiwa saini
Olev alikaa jikoni na koti lake mwilini
kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Nikamwambia: sasa pumzika.
Akapumzika Jumanne.

Jumatano, saa tisa za usiku, nikamkuta
anachora juu ya bahasha ya bili ya umeme,
macho yakiwaka: "Urve, hebu fikiria,
jokofu linalojua..."
Sikungoja jokofu lijue nini.

Mtaka yote hukosa yote, husemwa.
Huyu hataki yote. Angeyataka, angeshiba.
Anataka ile asubuhi ya kwanza tu,
kabla jina halijapatikana,
kabla ya wanasheria.

Leo mjumbe ameleta kasha dogo.
Sijalifungua.
Nimevisogeza vile sita,
kipate pa kukaa.