Safu ya Tatu

Fomu ya hifadhi ina safu tatu:
mtoto, kijana, mpevu.
Nami nimepiga magoti nyuma ya kichaka,
kaskazini ya Kiangwe, umande ukinipenya leso,
kalamu imesimama katikati ya safu mbili.

Mbawala huyu namjua. Sikio lake la kushoto
limepasuka kama ukingo wa mkeka uliokatika ukindu.
Mwaka juzi nilimwandika mpevu
kwa sababu ya pembe. Pembe!
Zilikuwa zimeyapita masikio, zimejinyonga barabara,
nyeusi, ncha zikiwaka kwa jua la saa moja.
Dhadho, mwenzangu wa doria, akanipa mkono wa pongezi.
Jioni nikamwonyesha mama picha kwenye simu.
Akaitazama kama atazamwavyo shilingi bandia.
"Huyu? Huyu bado ananuka maziwa."

Mama hakushika upinde maisha yake.
Wanaume walileta nyama, wakaleta na maneno:
alivyoruka, alivyosimama, dume la ajabu.
Yeye hunyamaza, akafungua taya kwa kisu,
akapitisha kidole gumba juu ya magego,
na nusu ya hadithi ikafia hapo.
Magego yenye ncha kali: mtoto wa jana.
Yaliyosagika yakawa kama kinu kikuukuu,
hayo aliwaitia majirani waje waone.
Ngozi ya shingo aliipima kwa kuikunja.
Ikikubali kama kanga, kijana.
Ikigoma, ikirudi na kumpiga vidole,
"Hii," husema, "imepiga na imepigwa."

Kisha sheria ikaja, mishale ikachomekwa paani,
mchwa wakaila mmoja mmoja,
na elimu ya mama ikakosa mwili wa kuufungua.
Ndipo akaanza kunisomesha kwa nje
alichokijua kwa ndani.

Usianze na kichwa. Kichwa kina majivuno.
Anza miguuni, upande taratibu.
Miguu ya kijana ni mirefu, amevaa mwili wa kuazima.
Ya mpevu imefupika; la, haikufupika,
kifua ndicho kilichoteremka, tumbo limelegea kidogo,
mgongo umekubali uzito wake.
Shingo, tafuta inapoishia. Kwa kijana utapaona.
Kwa mpevu haina mwisho, imemwagikia mabegani.
Rangi nayo: ule wekundu wa udongo
husogea, masika kwa masika,
kuelekea kitako cha sufuria.
Ncha za pembe zikichongoka, bado anatafuta.
Zikibutuka, alikwisha kupata, au kukosa.
Na mwisho, mtazame anavyotoka msituni.
Kijana hutoka kwanza.

Leo asubuhi jike lilitangulia kwenye dimbwi.
Kisha dume dogo, kwa kishindo, likajikwaa kwenye mzizi.
Kisha hakuna kitu. Nikahesabu pumzi zangu
hadi nikachoka kuhesabu.
Kisha pua. Kisha lile sikio.

Nyumbani Abarufa amerudi kutoka Mokowe
na masharubu ya wiki tatu.
Anataka mizinga ya marehemu babu yake
iandikwe kwa jina lake, yote kumi na mmoja.
Sauti imeshuka, inagonga mbavu za nyumba.
Jana usiku nilimtazama akila.
Nilianzia miguuni, kama nilivyofunzwa.
Alinawa, akatoa shukrani nzuri,
sahani akaiacha pale pale
hadi bibi yake alipoinama kuiokota.

Mbawala amekunywa. Hakuinua kichwa kwa haraka.
Shingo yake nimeitafuta mwisho, sikuuona.
Mama ataniuliza, namjua,
"Meno umeyaona?"
Nitasema sikuyaona.
"Basi andika labda."

Nageuza karatasi, nyuma na mbele.
Fomu haina safu ya labda.