Jina Kabla ya Misuli

Duka la kunakili karatasi, El Alto, mtaa wa vumbi,
nyuma ya mashine ya dada yangu Nélida, inayokohoa
kama mchimba bati aliyestaafu:
hapo ndipo tulipomfinyanga shujaa wetu
kwa kalamu mbili na kifutio kilicholiwa na panya.

Mimi nilianza na misuli.
Nikamchora kifua kama mlango wa benki,
buti, barakoa, joho jekundu linalopepea,
nikamwita Kapteni Radi.
Nélida akatazama, akacheka kwa pua:
"Huyu atapumuaje huku juu, mita elfu nne?
Mtu wa bondeni huyu.
Hafiki hata kituo cha basi."

Basi tukatafuta jina, maana jina ndilo mfupa,
nyama hujiotea.
Nikasema: Illapa. Radi ile ile, kwa kinywa cha mababu.
Mama alikuwa pembeni akimenya chuño,
viazi vilivyogandishwa na usiku, vikakanyagwa,
vikaanikwa hadi vikasahau maji.
Hakuinua kichwa.
"Hilo lina mwenyewe. Kaka yangu Eulogio alipigwa nalo malishoni.
Llama watatu wakafa, yeye akaamka mganga asiyetaka uganga.
Usimwite usiyeweza kumkaribisha chai."

Nikafuta. Karatasi ikabaki na kovu.

Tukajaribu Thaya, upepo wa baridi,
ule unaopita chini ya mlango bila hodi.
Nguvu zake: kumgandisha mwizi kama kiazi cha Juni.
Tulimpenda siku mbili.
Siku ya tatu Wilmer wa jirani akalazwa kwa kichomi,
na mkono wangu ukakataa
kumchora Thaya akitabasamu.

Ni Nélida aliyelitaja, pini ya nywele mdomoni:
Nayra.
Kwa Kiaymara ni jicho. Ni jana pia.
Neno moja, kwa kuwa yaliyopita yako mbele ya uso,
umeyaona, unazijua sura zake;
kesho ndiyo iko mgongoni,
na nani ana macho kisogoni?
Shuleni mwalimu alichora mshale, kesho kwenye ncha.
Niliugeuza, nikapata sifuri.

Basi shujaa wetu haoni yajayo.
Akigusa ukuta, anamwona aliyeujenga na hakulipwa.
Akishika bomba kavu, anasikia
siku maji yalipouzwa, na sauti ya aliyetia sahihi.
Mbele ya hakimu hutaja saa tu, na rangi ya shati,
na waongo hutokwa jasho katika baridi ile.
Harushi ngumi. Kuruka hajui.
Hupanda gari la kamba kama sisi, nauli mkononi.

"Na joho?" nikauliza. Nililipenda lile joho.
Mama akapangusa vidole kwenye sketi.
"Joho la kazi gani, halibebi hata kitunguu?
Mfungeni awayo."
Tukamfunga awayo, mistari ya waridi na kijani,
fundo kifuani, furushi mgongoni.

Ndani kuna nini? Tuligombana hadi taa ikazimika.
Mimi: mawe. Nélida: mtoto.
Mama alikuwa ameshalala,
au alijifanya.

Tulitoa nakala arobaini kwa soko la Alhamisi.
Kufikia ya kumi na saba wino ulianza kuisha:
uso umekolea, mistari imefifia,
na furushi likatoka jeupe, tupu kabisa.
Nélida akataka kuzitupa.
Mnunuzi wa kwanza, binti wa muuza vifungo,
akatoa sarafu yenye joto la ngumi,
akaketi kizingitini, akaazima kalamu yetu,
akaanza kuchora mle ndani ya weupe.
Nilichungulia.
Akaziba kwa kiganja.